Mgeni, Mwenyeji na Mwisho Mwema: Ranchi ya Wageni katika Masimulizi ya Mahaba ya Jinsia Moja ya Makauboi

Ikisiri

Makala hii inahakiki ranchi ya wageni kama mandhari ya mahaba ya jinsia moja katika masimulizi ya Magharibi mwa Marekani. Kazi mbili zinalinganishwa: hadithi fupi ya Annie Proulx, Brokeback Mountain (1997), ambamo mapenzi ya wanaume wawili hayapati makao, na filamu ya Donna Deitch, Desert Hearts (1985), ambamo mapenzi ya wanawake wawili yanachipua katika ranchi inayopokea wageni wa kulipa. Kutokana na ulinganisho huo, makala inajadili riwaya pendwa za mahaba ya makauboi wa kiume na swali la mwisho mwema. Hoja kuu ni kwamba mwisho mwema wa riwaya hizo si uongo kama unavyodhaniwa mara nyingi. Hata hivyo, unatolewa kwa sharti ambalo uhakiki haujalizingatia ipasavyo, nalo ni umiliki wa ardhi.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2009, katika mahojiano na jarida la The Paris Review, Annie Proulx alieleza majuto yasiyo ya kawaida kwa mwandishi. Alisema kuwa alitamani asingeiandika Brokeback Mountain, hadithi yake mashuhuri kuliko zote. Hakuwa na manung'uniko juu ya hadithi yenyewe. Kilichomuudhi ni wasomaji, hasa wanaume, waliokuwa wakimpelekea matoleo yao ya hadithi hiyo yaliyorekebishwa ili wapenzi wale wawili wabaki hai na waishi pamoja. Kwa maoni yake, wasomaji hao hawakuielewa hadithi, kwani ilihusu chuki dhidi ya mapenzi ya aina hiyo na mazingira yanayoizaa.

Kauli hiyo ndiyo inayoanzisha mjadala wa makala hii. Wakati Proulx analalamika, utanzu mzima wa riwaya pendwa ulikuwa umekwisha kuota mizizi, nao unafanya kwa utaratibu kile ambacho waandishi wa barua wale walikifanya kwa matamanio: unawapa makauboi wawili ranchi, kitanda na maisha marefu. Mojawapo ya mandhari zinazopendwa katika utanzu huo ni ranchi ya wageni, yaani ranchi ambayo watu wa mjini hulipa ili waishi kwa muda kama wachunga ng'ombe. Je, wasomaji hao wamekosea kusoma, au wamefanya uhakiki ambao mwandishi hakutaka kuusikia?

2.0 Suala la Lugha na Istilahi

Kabla ya kuzihakiki kazi zenyewe, ni muhimu kulikabili tatizo la lugha. Mhakiki anayeandika juu ya mada hii kwa Kiswahili anakuta maneno tayari yamekwisha kutoa hukumu. Msenge na hanithi ni maneno ya kutweza. Basha na shoga hugawa wahusika kwa nafasi wanazodhaniwa kuzishika, na shoga bado ni neno la urafiki wa kawaida baina ya wanawake katika mwambao. Hakuna hata moja linalowafaa wanaume wawili ambao hadithi inakataa kuwagawia nafasi. Kwa hiyo makala hii inatumia "wapenzi wa jinsia moja", istilahi ndefu lakini isiyo na tusi. Vilevile, inatumia "kauboi" badala ya "mchungaji", neno ambalo kwa msomaji wa leo humleta kwanza kiongozi wa kanisa.

Hata hivyo, Kiswahili kina sifa moja ya kisarufi inayostahili kuangaliwa kwa makini. Viambishi vyake vya nafsi havibainishi jinsi. Sentensi "alimpenda tangu siku ile" haisemi nani ni mwanamume na nani ni mwanamke. Katika Kiingereza, msimulizi wa mahaba ya wanaume wawili hulazimika kurudia kiwakilishi kilekile cha kiume kwa wote wawili, na kila sentensi humkumbusha msomaji jinsi yao. Katika Kiswahili jambo hilo linaweza kukaa kimya kurasa nyingi.

Ukimya huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni ndoa. Kwa kawaida mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa zimegawanywa kwa jinsi. Ni kauli ya kutendana pekee, kuoana, inayowaweka wote wawili katika nafasi sawa. Tutairudia hoja hii, kwa kuwa riwaya ya mahaba huishia mahali hasa ambapo sarufi yetu inadai jibu.

3.0 Ranchi ya Wageni: Kazi Iliyogeuka Tamasha

Ranchi ya wageni ni taasisi yenye historia. Ndugu watatu wa familia ya Eaton, yaani Howard, Willis na Alden, walianza kupokea wageni wa kulipa katika ranchi yao ya Dakota miaka ya 1880, kisha mwaka 1904 wakahamia Wolf, Wyoming, chini ya milima ya Bighorn. Baridi kali ya mwaka 1886 hadi 1887 iliangamiza mifugo mingi katika nyanda hizo na kuonyesha kuwa ng'ombe pekee si tegemeo la kuaminika. Mgeni alikuwa zao ambalo baridi haikuliua. Kufikia mwaka 1926 wenye ranchi hizo waliunda chama chao huko Montana, na kampuni za reli zilikuwa na maslahi ya wazi katika biashara ya kuwasafirisha watu wa mashariki kwenda magharibi.

Wageni hao walipewa jina dude, neno la kejeli la wakati huo kwa mtanashati wa mjini ambaye mavazi yake yanamtangulia. Kejeli hiyo ilificha utegemezi. Mwenye ranchi alimcheka mtanashati, na mtanashati ndiye aliyelipa deni la ranchi. Aidha, kauboi aliyeajiriwa hapo alikuwa na kazi mbili: kuwahudumia farasi, na kuwa kauboi mbele ya macho ya mgeni. Kofia, mwendo na uchache wake wa maneno vilikuwa sehemu ya kile kilicholipiwa.

Methali mbili za Kiswahili zinaieleza taasisi hii kwa ufupi. Ya kwanza ni "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe". Ranchi ya wageni imeipindua methali hii, kwani mgeni analipa ili apewe jembe tangu siku ya kwanza. Ya pili ni "mgeni njoo, mwenyeji apone". Hii ndiyo mbegu ya msuko wa riwaya za mahaba zinazotumia mandhari haya. Kwa kawaida mtu wa mjini anawasili akiwa amechoshwa na kazi au ametoka katika uhusiano uliovunjika. Anamkuta kauboi aliyejifungia moyo. Ranchi yenyewe inaelemewa na deni. Mgeni anajifunza kupanda farasi, anaacha kuwa mtazamaji, anashika kazi, na mwishoni mwenyeji anapona: moyo wake umefunguka na ranchi yake imeokolewa.

Kwa mahaba ya jinsia moja, mandhari haya yana faida ya pekee. Mahali ambapo kila mtu anajua kuwa uanaume unaigizwa, hata kwa malipo, ni rahisi kuuliza ni nini kilicho nyuma ya uigizaji huo. Kauboi anayevaa ukauboi kila asubuhi kwa ajili ya wageni amekwisha kuzoea kuonyesha kimoja na kuficha kingine. Mgeni anayempenda ni yule anayemwona baada ya tamasha kuisha.

4.0 Brokeback Mountain: Mlima Usio na Mwenyeji

Hadithi ya Proulx ilichapishwa katika The New Yorker mnamo Oktoba 1997, na filamu ya Ang Lee ikafuata mwaka 2005. Ennis del Mar na Jack Twist wanakutana kiangazi cha mwaka 1963 wakiwa vibarua wa Joe Aguirre, na mifugo wanayoichunga ni kondoo. Undani huu mdogo una uzito. Katika ngano za Magharibi, mchunga kondoo yuko chini ya kauboi. Wawili hawa wako nje ya fahari ya ukauboi tangu ukurasa wa mwanzo, na hakuna mgeni anayelipa ili awatazame.

Hata hivyo wanatazamwa. Aguirre anawaona kwa darubini, na asilolisema wakati ule linakuwa sababu ya Jack kunyimwa kazi baadaye. Hapa ipo tofauti ya msingi kati ya mlima na ranchi ya wageni. Kwenye ranchi, mtazamaji analipa na kwa hiyo anatarajiwa kufurahi. Mlimani, mtazamaji ndiye mwajiri. Jicho lake ni la ukaguzi. Mlima unaonekana kuwa uhuru, ilhali ni eneo la kazi la mtu mwingine.

Jack anatamani ranchi ndogo ya ng'ombe na ndama wao wawili. Ennis anakataa, na sababu yake inatoka utotoni. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, baba yake alimpeleka kuona maiti ya mzee Earl, mmoja wa wanaume wawili waliokuwa wakiishi pamoja katika ranchi, aliyeuawa kwa kupigwa na chuma cha kufungulia matairi. Kwa Ennis, basi, ranchi ya wanaume wawili si ndoto isiyowahi kujaribiwa. Imekwisha kujaribiwa, naye ameona matokeo. Proulx hakukopa hofu hiyo hewani: mwaka mmoja baada ya hadithi kuchapishwa, Oktoba 1998, kijana Matthew Shepard alifariki baada ya kupigwa na kuachwa amefungwa kwenye uzio nje ya Laramie, katika jimbo hilohilo la Wyoming.

Uhakiki mwingi umeishia kwenye hofu hii, na ni haki izingatiwe. Lakini hadithi ina kizuizi cha pili kisichotajwa sana. Hakuna kati ya wawili hawa aliye na ardhi yake. Jack anafikiria fedha za baba mkwe wake, ambaye angefurahi kumwona akiondoka. Ennis anafanya kazi maisha yake yote katika ranchi za wengine. Tunapokutana naye mwanzoni, akiwa peke yake ndani ya trela, ranchi anayofanyia kazi imewekwa sokoni na inambidi aondoke. Ranchi pekee ambayo ingeweza kuwapokea ni ile duni ya wazazi wa Jack. Baada ya kifo cha Jack, baba yake anamweleza Ennis kwamba mwanawe alizoea kusema siku moja atamleta huko waijenge upya. Mwenyeji alikuwa amekwisha kutaja jina la mgeni, mgeni hakuja. Mashati mawili anayoyakuta Ennis chumbani, moja ndani ya jingine, ndiyo makao pekee waliyowahi kuyapata.

Kwa hiyo tanzia ya Proulx inasimama juu ya nguzo mbili, woga na ufukara. Wasomaji waliorekebisha hadithi waliigusa ya kwanza kwa kuwapa wahusika ujasiri. Riwaya pendwa, kama tutakavyoona, inaigusa ya pili.

5.0 Desert Hearts: Majuma Sita ya Ugeni

Miaka 12 kabla ya hadithi ya Proulx, filamu ya Deitch ilikuwa imekwisha kuonyesha njia nyingine. Inatokana na riwaya ya Jane Rule, Desert of the Heart (1964), lakini inafanya badiliko moja la maana kwa mjadala huu: nyumba ya wageni ya riwaya inageuzwa kuwa ranchi. Mwaka ni 1959. Sheria ya Nevada ya mwaka 1931 ilimruhusu mtu kupata talaka baada ya kuishi katika jimbo hilo kwa majuma sita tu, na ranchi za wageni kuzunguka Reno ziliwapokea watu waliokuja kungoja muda huo utimie. Vivian Bell, mhadhiri wa fasihi kutoka New York, anafika kwa treni na kupangishwa chumba katika ranchi ya Frances. Hapo anakutana na Cay, msichana anayefanya kazi katika nyumba ya kamari, ambaye mara ya kwanza anamwona akiendesha gari kinyumenyume sambamba na gari walilomo ili tu apate kusalimiana.

Ranchi hii inampa Vivian kitu ambacho Ennis na Jack hawakuwahi kukipata: muda wenye kibali. Sheria inamlazimisha akae. Hana kazi ya kufanya isipokuwa kungoja, na kungoja huko ni halali. Huo ndio uhuru wa mgeni, kwamba kwa majuma sita si mtu wa huku wala wa kule. Hata hivyo, ukarimu unaolipiwa una ukomo. Frances anapoona kwamba mgeni wake amevuka mpaka wa ugeni na kugusa watu wa nyumbani, anamfukuza. Mgeni anakaribishwa maadamu atabaki mgeni.

Mwisho wa filamu ni wa hekima. Vivian ameshapata talaka na anapanda treni kurejea mashariki. Anamshawishi Cay apande naye hadi kituo kinachofuata. Hakuna ahadi ya maisha marefu, hakuna nyumba, na hakuna maiti pia. Deitch anafungua mlango na kuuacha wazi. Ikumbukwe kuwa katika utamaduni ambao kwa muda mrefu uliwaadhibu wapenzi wa jinsia moja kwa kifo au upweke kabla pazia halijashuka, kuwaacha wawili ndani ya behewa moja kulikuwa tendo la kisanaa lenye ujasiri.

6.0 Riwaya Pendwa na Hoja ya Mwisho Mwema

Pamela Regis (2003) anabainisha vipengele vinane vya riwaya ya mahaba: jamii inaelezwa, wapenzi wanakutana, kizuizi kinajitokeza, mvuto unadhihirika, pendo linatamkwa, kifo cha kiishara kinatokea ambapo kila tumaini linaonekana kutoweka, utambuzi unaondoa kizuizi, na hatimaye uchumba unafungwa. Tukiipima Brokeback Mountain kwa vipengele hivi tunakuta mingi imo. Kinachokosekana ni utambuzi wa wakati. Ennis anatambua, lakini kifo si cha kiishara tena.

Kwa mtazamo huu, wasomaji waliomuudhi Proulx hawakusoma vibaya. Walitambua umbo la mahaba lililokatwa kabla ya kukamilika, wakalikamilisha. Mfano wao ulikuwapo katika fasihi yenyewe. E. M. Forster aliandika riwaya yake Maurice mnamo 1913 na 1914, akashikilia kuwa sharti iishe vyema, na riwaya hiyo haikuchapishwa mpaka mwaka 1971, baada ya kifo chake. Mwisho mwema ulikuwa mzito kuchapishwa kuliko mwisho wa huzuni. Hivyo, hoja kwamba furaha ni njia rahisi na tanzia ndiyo ushupavu haisimami tunapozungumzia mapenzi ya jinsia moja. Kwao historia ya fasihi imekwenda kinyume.

Aidha, hali halisi imebadilika. Ndoa za jinsia moja zilihalalishwa Wyoming mwaka 2014, na kote Marekani mwaka 2015. Riwaya ya leo inayofunga kwa ndoa ya makauboi wawili inasimulia jambo ambalo sheria ya nchi yao inaliruhusu. Inaweza kuwa riwaya dhaifu kwa sababu nyingine, lakini haiwezi kuitwa ndoto kwa sababu hiyo.

Udhaifu wake uko kwingine. Riwaya hizi huondoa kizuizi kwa kumfanya mmoja wa wapenzi, au wote wawili, kuwa mwenye ranchi. Mgeni ana akiba ya fedha au ujuzi wa biashara, kauboi ana urithi wa ekari nyingi, deni linalipwa, wapenzi wanakaa barazani wakitazama ardhi yao. Mwisho mwema una hatimiliki. Kibarua wa aina ya Ennis, anayelala katika trela na kuondoka ranchi inapouzwa, ametoweka katika utanzu, au amebaki kuwa mhusika mdogo anayetandika farasi. Utanzu umewapa wapenzi haki ya kupendana na kuisahau kazi iliyowakutanisha. Ni ajabu kwamba riwaya zinazotumia mavazi ya mfanyakazi kama kivutio chao kikuu zina machache ya kusema juu ya ujira wake.

Kuna usahaulifu wa pili. Neno mwenyeji linafahamika kuwa linatokana na mwenye mji. Ni nani mwenye mji katika nyanda hizo? Wacrow, Washoshone, Wacheyenne na wengine waliishi humo kabla ya ranchi ya kwanza kupimwa, nao waliondolewa kwa vita na mikataba iliyovunjwa. Sanaa ya ukauboi yenyewe, hata neno ranchi, ilitoka kwa wachunga ng'ombe wa Meksiko, na makauboi weusi walikuwa wengi katika njia za kupitishia ng'ombe. Katika riwaya nyingi za ranchi ya wageni, mwenyeji anayeponywa ni mjukuu wa mgeni wa jana. Methali yetu inaposema mgeni aje ili mwenyeji apone, inachukulia kuwa tunajua nani ni nani. Mandhari haya yanataka tuulize kwanza.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kuwa mlima wa Proulx, ranchi ya Deitch na ranchi za riwaya pendwa zinajibu swali moja kwa namna tatu: wapenzi wasio na mahali watakaa wapi? Proulx anajibu kuwa hawakai. Deitch anawapandisha treni. Riwaya pendwa inawapa nyumba. Jibu la tatu limedharauliwa kupita kiasi na wale wanaodhani kwamba huzuni ni kipimo cha ukweli. Wasomaji wanaolihitaji wana sababu za kihistoria za kulihitaji. Kasoro yake ni kwamba nyumba hiyo inatolewa kwa wenye uwezo wa kuinunua, katika ardhi ambayo historia yake imefutwa. Riwaya ya kauboi itakayoliendeleza swali hili ni ile itakayompa Ennis mwisho mwema akiwa bado kibarua.

Mwisho, turudi kwenye sarufi. Mfasiri atakayeleta riwaya ya aina hii katika Kiswahili ataweza kusimulia mkutano, mvuto, hata tamko la pendo, bila kiambishi kimoja kufichua jinsi ya wapenzi. Akifika kwenye uchumba hataweza tena kunyamaza. Akiandika kuwa mmoja alimwoa mwenziwe, atakuwa amemfanya mwingine aolewe, na hivyo atarudisha kwa mlango wa nyuma mgawanyo wa nafasi ambao hadithi iliukataa. Atalazimika kuandika kuwa walioana. Kauli ya kutendana haimpi mmoja nafasi ya mwenyeji na mwingine ya mgeni, na umbo hilo Kiswahili kinalo tayari.